Eti “Ni Kukanda Tu”

Niliinama jikoni kunyanyua mtungi wa gesi, nikasikia kitu kama kamba inakatika kiunoni, nikabaki nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Siku tatu nzima mke wangu ndiye aliyenivalisha suruali. Hospitali niliyoikimbilia siitaji jina. Nilichomwa sindano ya diklofenaki, nikapigwa picha ya eksirei, nikauziwa mkanda mpana wa kufunga kiunoni, kisha nikaambiwa, “Mzee, pingili zako zimesagika.” Muda wote huo hakuna mtu aliyeugusa mgongo wangu. Aliyenigusa ni mhudumu wa eksirei peke yake, naye alikuwa ananisogeza nisitoke nje ya picha.

Wiki iliyofuata nilimwendea mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza pia mbinu za osteopathia, yaani tiba ya kutumia mikono juu ya viungo, misuli na mgongo. Niliporudi mtaani na kusimulia, jibu nililolipata kwa kila mtu lilikuwa moja. Shemeji alilitoa huku anacheka. Kijana wa ofisi ya bima alilitoa kwa adabu. Daktari rafiki yangu alilitoa kwa sauti ile ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa: “Aa, huyo si anakukanda tu?”

Nataka kugombana na hilo neno “tu”.

Kwanza niondoe silaha moja mezani ili nisionekane mjanja. Nilipona, lakini kupona kwangu si ushahidi. Maumivu mengi ya mgongo yanayokuja ghafla huondoka yenyewe ndani ya wiki chache, na huenda ningepona hata kama ningekaa barazani nakula maembe. Anayesema “mimi nilikandwa nikapona, basi tiba ni kweli” anasema sawa na yule wa “mimi nilichomwa sindano nikapona”. Wote wawili walipona, na wote wawili hawajui kwa nini. Kwa hiyo mgongo wangu nauweka kando, tuangalie migongo ya wengine.

Wanaoidharau tiba hii hupenda kuanza na asili yake, nami sina tatizo. Mwasisi wa osteopathia, Andrew Taylor Still, alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1828, akafanya kazi ya utabibu Kansas na Missouri. Enzi hizo daktari alitibu kwa chumvi ya zebaki, kwa afyuni, kwa pombe kali na kwa kumtoa mgonjwa damu. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto wake watatu, na dawa za wakati ule hazikuwa na la kufanya. Still akazichukia. Tarehe 22 Juni 1874 akatangaza njia yake mpya, ya kutafuta ugonjwa kwa vidole na kuutibu kwa mikono. Mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza lilikuwa na wanawake, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati huo vilikuwa vinalikataa.

Je, Still alikosea? Alikosea sana. Aliamini kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na mifupa iliyokaa vibaya na kuzuia damu isipite. Hakuna homa ya matumbo inayotibiwa kwa kusukuma pingili. Lakini nitajieni tabibu wa mwaka 1874 ambaye hakukosea. Robert Koch alikuwa bado hajakionyesha ulimwengu kijidudu cha kifua kikuu. Hilo lilikuja mwaka 1882. Madaktari wa zebaki ndio mababu wa hospitali zetu za leo, na hakuna anayezifunga kwa dhambi za mababu. Hospitali tumeziruhusu zikue, zijisahihishe, ziache yaliyowashinda. Osteopathia ndiyo tunayoilazimisha ibaki Kirksville milele.

Nayo haikubaki. Huko Marekani vyuo vyake viliingiza famasia, upasuaji na mengine yote, hata leo wahitimu wake ni madaktari kamili katika majimbo yote 50. Wanaandika dawa, wanapasua, wanazalisha. Karibu mwanafunzi mmoja kati ya wanne wanaosomea udaktari nchini humo yuko kwenye chuo cha osteopathia. Kuna kisa cha California ambacho sichoki kukisimulia. Mwaka 1962, baada ya miaka mingi ya kuitwa matapeli, madaktari wa osteopathia wa jimbo hilo waliruhusiwa kubadilisha shahada yao ikawa ya udaktari wa kawaida. Masharti? Kukubali, kuhudhuria semina fupi, na kulipa dola 65. Elimu ilikuwa ile ile, vichwa vile vile, mikono ile ile. Semina fupi na dola 65 ndizo zilizotenganisha utapeli na udaktari.

(Haki isemwe pia: wengi wa madaktari hao wa Marekani siku hizi hawatumii mikono kabisa. Wamepata heshima, wakaiacha kazi iliyowaleta.)

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mskoti John Martin Littlejohn, aliyesomea Kirksville, alianzisha shule ya osteopathia London mwaka 1917. Wahitimu wake si madaktari, hawaandiki dawa, hawapasui. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1993, taaluma yao ina baraza lake, na kujiita mtaalamu wa osteopathia bila kusajiliwa na baraza hilo ni kosa la jinai. Taifa halitungi sheria ya jinai kulinda jina la wakandaji “tu”.

Najua sheria si sayansi. Twende kwenye sayansi.

Wapinzani waliosoma kidogo wanaupenda utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2021, nami nautaja kabla hawajanitajia. Watu 400 wenye maumivu ya kiuno waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata tiba halisi ya osteopathia mara sita. Jingine liliguswaguswa tu kwa namna isiyokusudiwa kutibu. Baada ya miezi mitatu, waliopata tiba halisi walikuwa na nafuu zaidi katika shughuli zao za kila siku, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe walitilia shaka kama mgonjwa angeihisi. Ndiyo hivyo. Sifichi, sipaki rangi. Faida ni ndogo.

Ndogo kuliko nini, lakini? Hapo ndipo mjadala wetu unapolala usingizi.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia waliwachukua watu zaidi ya 1,600 waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Wengine walipewa paracetamol kwa ratiba, wengine waliimeza walipojisikia kuihitaji, wengine walimeza vidonge visivyo na dawa ndani. Waliokunywa kwa ratiba walipona kwa wastani wa siku 17. Waliokunywa wakihitaji, siku 17. Waliokunywa vidonge vitupu, siku 16. Rudia kuzisoma namba hizo. Kidonge ambacho kila duka la dawa kutoka Kariakoo hadi Kisumu lingekupa kwa ajili ya kiuno chako kilishindwa kukipita kidonge kitupu. Je, umewahi kumsikia mtu akisema, “Aa, huyo si anakupa paracetamol tu?”

Au hiyo picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Hawa ni watu wazima wa afya, wanaocheza ngoma, wanaobeba wajukuu. Ukimpiga picha karibu mzee yeyote utaziona hizo “pingili zilizosagika”, kama vile ukimtazama kichwani utaona mvi. Mvi hatuzitibu. Lakini mtu akishaambiwa kwamba mgongo wake umesagika, hasahau. Anaacha kuinama, anaacha kulima, anamwogopa mtoto anayekimbia kuja kumkumbatia. Sentensi ile moja niliyoambiwa hospitalini ilinidhuru kuliko mtungi wa gesi.

Na mkanda je? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Maumivu ya kiuno kwa ujumla yaliwagusa watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Mwongozo huo unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno. Unashauri dhidi ya kumvuta mgonjwa kwa mashine. Unashauri dhidi ya dawa za jamii ya afyuni. Yanayopendekezwa ni elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia, dawa za kutuliza uvimbe kwa uangalifu, na, wapendwa wa “tu”, kazi ya mikono kwenye uti wa mgongo pamoja na kukanda misuli. Kwa hiyo nilipotoka hospitalini na mkanda wangu mpya, nilikuwa nimevaa kitu ambacho WHO inakikataa kwa maumivu sugu, nikichekwa kwa kwenda kwenye kitu ambacho WHO inakikubali.

Uchambuzi mwingine mkubwa, wa mwaka 2019, uliunganisha majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 9,000 kuhusu tiba ya mikono ya mgongo kwa ujumla, si ya osteopathia peke yake. Ilionekana kwamba inasaidia kwa kiwango kinacholingana na tiba nyingine zinazopendekezwa. Haizishindi, haishindwi nazo. Halafu kuna jaribio la zamani kidogo, la Chicago, lililochapishwa mwaka 1999. Wagonjwa 155 wa kiuno walifuatiliwa kwa wiki 12, wengine wakipata huduma ya kawaida ya daktari, wengine tiba ya osteopathia. Mwisho wake makundi yote mawili yalipata nafuu inayofanana, ila kundi la mikono lilimeza dawa chache zaidi. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, mwenye figo dhaifu, anajua thamani ya hiyo “dawa chache zaidi”. Diklofenaki na ndugu zake ni dawa nzuri, lakini tumbo na figo ndizo zinazolipa bili.

Sasa nieleze nilichofanyiwa, maana wengi wanaokebehi hawajui hata kinachofanyika mle chumbani.

Dakika ishirini za mwanzo mtaalamu hakunigusa. Aliuliza. Je, nimepungua uzito bila sababu? Natoka jasho usiku, nina homa, nakohoa? Nasikia ganzi katikati ya mapaja? Nashindwa kuzuia mkojo? Niliwahi kuanguka, kuugua saratani? Baadaye nilielewa kwamba maswali hayo ndiyo sehemu kubwa ya taaluma: yalikuwa yanatafuta sababu ya kunikatalia na kunirudisha hospitalini. Kisha akanitazama nikitembea, nikiinama, nikigeuka. Ndipo vidole vikaanza kupita, polepole, pembeni mwa uti wa mgongo, kama mtu anayesoma maandishi gizani.

Alinilaza ubavu, akanikunja goti, akaniambia nisukume mguu dhidi ya kiganja chake, kwa nguvu kidogo, kama unavyosukuma mlango uliokwama usiku bila kutaka kumwamsha mtoto. Nihesabu hadi tano. Nilegee. Akasogeza mguu mbele kidogo, tukarudia. Mara ya nne nyonga ilikuwa imefika mahali ambapo asubuhi ile haikuthubutu. Hakukuwa na muujiza: msuli uliokuwa umekaza ulikubali kulegea baada ya kufanyishwa kazi kwa kipimo.

Palikuwa pia na mlio. Mlio huo ndio unaowafanya watu waamini kwamba mfupa uliohama umerudi mahali pake, na nasikitika kusema baadhi ya watoa tiba wenyewe wanaieneza hadithi hiyo kwa sababu inauza. Si kweli. Mlio ni uwazi wa gesi unaojitokeza ndani ya ute wa kiungo kinapovutwa ghafla, sawa na kuvunja vidole. Pingili ikihama kweli kweli, huhitaji mkandaji. Unahitaji gari la wagonjwa.

Basi kinachosaidia ni nini? Maumivu si kipimo cha uharibifu kama vile mshale wa tangi la mafuta. Ni kengele ya hatari inayopigwa na mishipa ya fahamu na ubongo, na kengele hiyo huweza kuendelea kulia hata mwizi ameshaondoka. Misuli inakaza kulinda, kukaza kunauma, kuuma kunaongeza hofu, hofu inaongeza kukaza. Mguso stadi na mwendo wa taratibu hupeleka habari tofauti kwenye ubongo: hapa panaguswa na hapavunjiki, hapa panakunjika na hapakatiki. Kengele inashuka sauti kwa saa chache, pengine siku kadhaa. Katika upenyo huo mgonjwa anatakiwa aanze mazoezi. Mkono ndio unaofungua mlango, mgonjwa anapita kwa miguu yake. Ndiyo maana miongozo ya afya ya Uingereza ya mwaka 2016 inakubali tiba ya mikono ikiambatana na mazoezi, si ikiwa peke yake. Mtoa tiba anayekulaza kitandani kila wiki mwaka mzima bila kukupa zoezi hata moja la nyumbani, huyo amekugeuza kodi ya nyumba yake.

Nina shaka kwamba dharau yetu haikutoka kwenye utafiti wowote. Imetoka kwenye kitenzi. Kukanda ni neno la jikoni. Ndilo tunalolitumia kwa unga wa chapati. Ni kazi ya bibi anayemkanda mzazi kwa maji ya moto katika siku zile arobaini, kazi ya shangazi anayekuchua mguu uliotegukia uwanjani. Tumeona kazi hii ikifanywa na wanawake, bure, sakafuni, juu ya mkeka, tukahitimisha kwamba haiwezi kuwa na elimu ndani yake. Lakini Kiswahili chenyewe kilijua. Kukanda si kuchua: kukanda ni kubonyeza, mara nyingi kwa joto, kuchua ni kusugua kufuata mkondo wa msuli, kwa mafuta. Lugha haitofautishi vitu viwili ambavyo wenyewe hawaoni tofauti yake.

Sisemi kwamba bibi anatosha. Kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo, na katika nchi zetu hilo si jambo la vitabuni. Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ukiibonyeza kwa nguvu unaweza kumpoozesha mtu. Saratani hujificha kiunoni. Kumgeuza mtu shingo kwa ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu uendao kwenye ubongo na kuleta kiharusi, na bado vijana wanaangalia video kwenye simu kisha wanavunjana shingo saluni. Mtu aliyevunjika mguu na kufungwa vipande vya mti kwa kukazwa mno anaweza kuupoteza mguu huo.

Lakini ulizeni hatari hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye lile “tu”. Kazi ikiwa ni kukanda tu, basi nani azuiwe kuifanya? Nani asomeshwe? Nani akaguliwe? Mwaka 2010 WHO ilichapisha vigezo vya mafunzo ya osteopathia: kwa anayeanza bila elimu ya tiba, saa 4,200, na kati ya hizo zisizopungua 1,000 ni za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Hizo ndizo saa za “tu”. Anayeidharau tiba ya mikono anadhani anawalinda wagonjwa dhidi ya matapeli. Ukweli ni kwamba anawaachia matapeli uwanja mzima, bila refa.

Siwatetei wale wanaodai kutibu pumu, kisukari, ugumba na mikosi kwa kubonyeza fuvu la kichwa. Ushahidi wao ni hafifu au haupo kabisa, na kila dai lao linamnyang’anya heshima mtaalamu anayesema kwa unyofu: nakusaidia kiuno, shingo, mabega, na si zaidi ya hapo.

Mtaalamu wa osteopathia ni adimu Tanzania, na pengine wewe unayesoma hutamwona kamwe. Mtaalamu wa fiziotherapia yupo. Anasomeshwa hapa hapa, hospitali ya KCMC mjini Moshi ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, na mbinu nyingi za mikono nilizozieleza ziko kwenye mafunzo yake. Mara nyingi yuko mwisho wa ukumbi wa hospitali, kwenye chumba ambacho mgonjwa hufikishwa baada ya sindano, picha na mkanda kushindwa. Ombi langu kwa madaktari ni dogo: mpelekeni mgonjwa huko mwanzo, asipokuwa na dalili za hatari. Kwa wenye bima: mnalipia picha bila kuuliza, lipieni basi na vipindi sita vya mikono na mazoezi. Na wewe msomaji, mgongo ukikushika, mwulize anayekutibu maswali matatu: kuna dalili yoyote ya hatari? Picha hii itabadilisha nini katika tiba yangu? Na nianze lini kutembea?

Mkanda wangu bado ninao. Anayeutaka kwa kufungia mizigo nyuma ya pikipiki aje auchukue.